Hatia ya Kisu Iko Upande Gani

Mkulima wa Ngara, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, anayepogoa migomba hahitaji panga la kawaida. Anachukua muhoro, chuma chenye mpini wa mti na bapa ambalo ncha yake imepinda kama mdomo wa mwewe. Hakuna sehemu iliyowekwa kwa urembo. Makali yako upande wa ndani wa pindo, ili jani kavu linaswe kwanza, kisha likatwe kwa kuvutwa. Mgongo umeachwa mnene, kwa sababu ndio unaoongeza uzito wa pigo anapopasua kuni. Mkia wa chuma umezama ndani ya mpini usichomoke, na mpini wenyewe umelainishwa na viganja hadi unang'aa.

Zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, Plato alitumia chombo cha namna hiyohiyo kujibu swali zito. Katika kitabu cha kwanza cha Jamhuri, Sokrate anamwambia Thrasymachus, mpinzani wake katika mjadala, kwamba tawi la mzabibu laweza kukatwa hata kwa jambia, lakini hakuna kinacholikata vizuri kama kisu kilichotengenezwa kwa ajili ya kupogolea. Hiyo ndiyo kazi yake, na ubora wake ni kuitenda kazi hiyo. Kutoka hapo anapanda hadi kwenye roho ya mwanadamu, ambayo nayo ina kazi yake na ubora wake. Kwa hoja hiyo, mtu akitaka kujua wema wa kitu, aulize kwanza kiliumbwa kwa lipi.

Hoja ni nzuri, na inasimama imara mpaka inapofika Rusumo.

Tarehe 28 Aprili 1994 watu takriban 250,000 walianza kumiminika kutoka Rwanda, iliyokuwa katikati ya mauaji ya kimbari, kupitia daraja la Rusumo mpakani, na ndani ya saa 24 Ngara ikawa na mji mzima wa mahema pale Benaco. Waliovuka walitakiwa kuacha silaha mpakani. Marundo ya mapanga yakabaki kando ya barabara, na picha zake zikazunguka dunia. Wakati huohuo mto Kagera ulikuwa ukiteremsha maiti kuelekea Ziwa Viktoria. Mapanga yale hayakuwa na sehemu hata moja ambayo panga la shambani halina. Makali ni yaleyale, mgongo uleule, mpini uleule. Mtu angeyachambua moja moja asingepata kiungo kilichotengenezwa kwa ajili ya kuua binadamu.

Wepesi wa kusema ni kwamba chombo hakina hatia, basi yaishe. Lakini hapo ndipo panapohitaji kutulia. Rwanda iliingiza zaidi ya tani 500 za mapanga kati ya Januari 1993 na Machi 1994, kiasi kisichoelezeka kwa haja za wakulima peke yao. Kabla panga halijafika kwa aliyelinyanyua, lilikuwa limekwisha kupewa kazi na aliyeliagiza, aliyelilipia na aliyeligawa. Sokrate aliuliza kitu kimetengenezwa kwa lipi. Rusumo inalazimisha kuuliza pia kimenunuliwa kwa lipi, na nani.

Waathene wa kale waliwahi kukwepa swali hilo mbele ya macho ya watu wote. Katika sikukuu yao ya Bouphonia ng'ombe alichinjwa kwa heshima ya Zeus, kisha ikaendeshwa kesi ya kuua. Waliochota maji ya kunolea wakawalaumu walionoa, walionoa wakamlaumu aliyewakabidhi wenzake chuma, naye akamtaja mchinjaji, na mchinjaji akakielekezea kisu kidole. Kisu hakikuwa na la kujitetea. Kikahukumiwa, kikatupwa baharini, na watu wote wakarudi nyumbani wakiwa safi.

Arusha haikufanya hivyo. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyoketi katika mji huo, ilimshtaki Sylvestre Gacumbitsi, aliyekuwa meya wa wilaya ya Rusumo upande wa Rwanda, mtu aliyekamatwa mwaka 2001 hukuhuku Tanzania. Mwaka 2004 alikutwa na hatia ya mauaji ya kimbari, yakiwemo yale ya kanisani Nyarubuye, akapewa miaka 30. Mwaka 2006 rufaa ikaigeuza kuwa kifungo cha maisha. Hakushtakiwa kwa alichokitenda kwa mkono wake tu. Walichokuwa wamegawiwa wengine, na walichochochewa kutenda, navyo vilihesabiwa kwake. Sehemu nyingine zote za kisu zinakitazama kinachokatwa. Mpini peke yake ndio unaomtazama mtu, na majaji walifuata mpini hadi walipomkuta aliyekuwa mwisho wake.

Swali hilohilo lilirudi karibu zaidi na jikoni. Februari 2013, huko Buseresere katika Wilaya ya Chato, iliyomegwa kutoka Biharamulo, Waislamu na Wakristo waligombana juu ya nani ana haki ya kuchinja nyama ya kuuza buchani. Vurugu zikazuka na mchungaji mmoja akauawa. Mtu akauawa kwa sababu ya ng'ombe, katika nchi ambayo watu wa dini hizo mbili wanazikana na kuoana.

Ajabu ni kwamba kuhusu kisu chenyewe hapakuwa na ugomvi. Fikihi ya Kiislamu imeyapa makali masharti mengi kuliko sehemu nyingine yoyote: yanolewe vizuri mnyama asiteseke, na yasinolewe mbele ya macho yake. Chuma si lazima; jiwe lenye makali linatosha, mradi damu itoke na isiwe kwa jino wala kucha. Wayahudi wanakwenda mbali zaidi. Kisu chao cha kuchinjia hakina ncha kabisa, maana ncha ni ya kuchoma na kuchoma kumekatazwa, na mchinjaji hupitisha ukucha juu ya makali kutafuta pengo hata dogo kabla ya kazi. Ni hatua ya polepole inayomfanya mtu aishike dhamiri yake kwa kidole.

Ugomvi ulikuwa juu ya jina linalotajwa wakati mkono umeshika mpini. Je, neno lile linaingia kwenye nyama? Kurani, katika sura ya tano, inamhalalishia Mwislamu chakula cha Watu wa Kitabu, ingawa wanazuoni wanatofautiana kuhusu masharti. Wakristo nao walikwisha kubishana juu ya jambo hili katika karne yao ya kwanza. Mitume waliokutana Yerusalemu waliwaandikia waumini wasio Wayahudi wajiepushe na damu, na vilivyonyongwa, na vilivyotolewa sadaka kwa sanamu. Paulo, akiwaandikia Wakorintho, aliwaruhusu kula kinachouzwa sokoni bila kuuliza-uliza. Akaweka sharti moja tu: mwenzako mezani akikuambia kwamba nyama ile imetolewa sadaka, iache, na uiache kwa ajili ya dhamiri yake yeye, si yako.