Majibu Yatarudi Lini?

Ndugu msomaji, ukipanda daladala la Mwenge linalopita Makumbusho, pale Kijitonyama konda atapiga kelele: "Sayansi! Sayansi wapo?" Jina hilo limetokana na Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986. Mgeni anayetaka kufanya utafiti Tanzania hupitia kwao kuomba kibali, na hutakiwa awe na mwenzake wa hapa nchini. Nimeshuka kituo kile mara nyingi bila kufikiri lolote. Siku hizi nikisikia konda anaita, moyo wangu unanisuta. Nitakueleza kwa nini.

Baada ya kumaliza Kidato cha Nne na matokeo kutoka kama yalivyotoka, nilikaa kijiweni Temeke miaka miwili, nikiandika riwaya yangu kwenye madaftari. Rafiki yangu mmoja akaniletea dili. Kulikuwa na utafiti wa ushirikiano wa nchi mbili, yetu na moja ya Ulaya, na walitaka vijana wa kuzunguka na dodoso. Malipo kwa kila fomu iliyojazwa. Nikasema, bwana, hii ndiyo kazi ya mwandishi: kulipwa kwa kusikiliza watu!

Tukapelekwa Mbagala. Nyumba ya tatu au ya nne nikamkuta bibi mmoja anachambua mchicha uani. Nikamwamkia, akaitika, akanipa kigoda. Nikamuuliza maswali arobaini na kitu. Maji mnachota wapi? Watoto wangapi wameugua? Wangapi wamefariki? Hapo akanyamaza. Halafu akajibu, akawataja mmoja mmoja kwa majina, ingawa fomu ilitaka idadi tu. Nikaandika: 2.

Nilipofunga kalamu akaniuliza, "Sasa mjukuu wangu, majibu mtatuletea lini?"

Nikamwambia, "Yatarudi, bibi. Msiwe na wasiwasi."

Nilidanganya. Hakuna aliyeniambia kwamba yatarudi, wala mimi sikuwa nimeuliza. Nilitaka tu niondoke salama, niwahi nyumba ya tano. Ni miaka mitatu sasa na sijasikia kitu. Huenda matokeo yapo mahali, yamechapishwa vizuri, kwa lugha ambayo bibi yule haisomi. Mimi sijui. Ninachojua ni kwamba neno lililotoka kinywani lilikuwa langu.

Basi swali langu ni hili: nchi mbili zikisema zinashirikiana katika elimu na utafiti, tutajuaje kama ni ushirikiano kweli? Tumezoea kuutambua kwa picha. Wakubwa wawili wamekaa, bendera mbili mezani, wanasaini, wanapeana mikono. Mimi nasema picha haitoshi. Tuangalie mambo matatu: nani ameuliza swali, jina la nani limeandikwa juu ya kazi, na jibu limerudi kwa nani.

Chukua Tendaguru, mkoani Lindi. Kati ya mwaka 1909 na 1913, wakati wa Mjerumani, mamia ya watu wetu walichimba pale mifupa ya dinosaria, wakaibeba vichwani safari ya siku kadhaa mpaka bandari ya Lindi. Vita vya Majimaji vilikuwa vimeisha juzi tu, na njaa ilikuwa imeua watu wengi kusini kote. Leo mmoja wa wanyama wale amesimama katika makumbusho ya Berlin, urefu wake zaidi ya mita 13. Wasimamizi wa uchimbaji kama Boheti bin Amrani walijua kutambua mfupa ardhini na kuutoa bila kuuvunja. Ule ulikuwa ujuzi. Lakini swali halikuwa lao, jina la mnyama hawakulitoa wao, na mfupa haujarudi. Hapo hatuwezi kusema palikuwa na ushirikiano. Palikuwa na ubebaji.

Sasa chukua kisa cha pili, ambacho kila aliyefeli mtihani akijue. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa na sukari, unaacha yapoe, ndipo unaweka kwenye friza. Siku moja nafasi ilikuwa ndogo, Mpemba akaogopa kuikosa, akaingiza yake ya moto. Ikaganda kabla ya ile ya mwenzake ambayo haikuchemshwa kabisa. Akamuuliza mwalimu. Akaambiwa amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, akauliza tena, na mwalimu akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo ya dunia. Darasa likapata la kumtania.

Ndipo akaja mgeni, Denis Osborne, Mwingereza aliyekuwa akifundisha fizikia katika chuo kikuu hapa Dar es Salaam. Mpemba akasimama, akauliza lile lile. Wenzake wakacheka. Osborne hakuwa na jibu, na pengine hakuamini. Lakini aliporudi Dar alimpa fundi wa maabara kazi ya kujaribu. Fundi akarudi na habari kwamba ya moto imetangulia kuganda kweli, ila wataendelea kurudia mpaka wapate matokeo sahihi! Mwaka 1969 makala ikatoka katika jarida la Uingereza la walimu wa fizikia, na juu yake majina mawili: Mpemba na Osborne. La kijana limetangulia.

Wanasayansi wanabishana mpaka leo kama jambo lenyewe ni kweli, na kama ni kweli, linatokana na nini. Mwaka 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza kilitangaza zawadi ya pauni 1,000 kwa maelezo bora, na majibu zaidi ya 22,000 yakapelekwa. Kule kote linaitwa kwa jina la Mpemba.

Msomaji mwenzangu, tazama kilichofanyika pale. Hapakuwa na bendera mezani. Palikuwa na mtu mwenye cheo aliyekubali kwamba mtoto wa shule anaweza kuwa na swali ambalo yeye hajawahi kuliwaza. Akalibeba swali, na hakulifanya lake.

Najua utanipinga. Utasema maabara ni ghali, na anayelipa zumari ndiye huchagua wimbo. Sikatai. Kule Ifakara Waswisi walianzisha maabara yao miaka ya 1950, kwa fedha zao na maswali yao. Lakini taasisi ile leo ni ya Kitanzania, ina ofisi mpaka hapa Mikocheni, na Waswisi bado ni washirika wake. Ilichukua miaka mingi, ila inaonyesha kwamba aliyeanza kama mwenye nyumba anaweza kukubali kuwa mgeni. Fedha ya mtu haikulazimishi ufunge mdomo.

Na hapa ndipo kisu kinanigeukia mimi. Yule bibi wa Mbagala yumo katika riwaya yangu. Sura ya 6: uani, mchicha, majina ya watoto. Sikumwomba. Nimechukua kilio chake nikakifanya sura nzuri, na juu ya daftari limeandikwa jina langu peke yangu. Nina tofauti gani na waliobeba mifupa? Sisi tunaoandika habari za uswahilini tunapenda kuwasema wazungu kwa kuchukua. Je, sisi tunarudisha?

Sijafuta sura ile. Lakini Jumapili ijayo nakwenda Mbagala na daftari langu. Nitamwamkia, nitaomba kigoda, nitamwambia kwamba yale majibu sinayo na kwamba nilimdanganya. Kisha nitamsomea sura ya 6. Akisema ondoa, nitaondoa. Akisema umekosea, mtoto wa pili hakuitwa hivyo, nitasahihisha.

Naogopa, wallahi. Lakini jibu hilo moja liko mikononi mwangu, na sina haja ya kusubiri bendera.