Tuifute Chati Yetu



Shukrani zote ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na maswahaba wake. Amma baad.

Dada zangu na kaka zangu katika imani, niliombwa niandike kuhusu tamthilia tunazotazama hosteli. Nilidhani ni kazi nyepesi: nitaje tamthilia, nitaje aya, nimalize. Nilipokaa kuandika nikajikuta mimi ndiye mshtakiwa wa kwanza.

Muhula uliopita mwenzangu wa chumba alileta kwenye flashi tamthilia ya Marekani iitwayo The L Word. Ilioneshwa kuanzia mwaka 2004 hadi 2009. Inahusu marafiki wa Los Angeles, wengi wao wanawake wanaopenda wanawake wenzao, ambao hukutana mkahawani kunywa kahawa na kusimuliana ya jana. Ina mambo ya kitandani ambayo Muislamu ameamrishwa kuyainamishia macho, wanaume na wanawake, katika Surat An-Nur aya ya 30 na 31. Nilipaswa kutoka chumbani. Sikutoka. Nilijiambia ninatazama ili nijue namna ya kuwaonya wengine.

Katika tamthilia hiyo yumo mwandishi wa habari aitwaye Alice. Ana ubao mkubwa ambao ameandika majina ya watu na kuyaunganisha kwa mistari: nani amewahi kulala na nani. Wanauita Chati. Kila habari mpya ikija, mstari unaongezwa, na baadaye Chati inaingia kwenye intaneti. Sisi chumbani tulicheka, tukasema: watu hawa hawana haya, hata siri zao wanazitundika ukutani.

Wiki hiyohiyo tukaanza chati yetu.

Ghorofa ya pili walikuwapo wasichana wawili wa mwaka wa kwanza. Wakija kuswali pamoja, wakila sahani moja. Usiku mmoja mtu alipita mlangoni kwao akaona wamelala kitanda kimoja. Asubuhi akatuambia, "Hao ni kama wale wa kwenye tamthilia." Nikacheka. Kisha nikaongeza langu: nami niliwaona ngazini usiku, mmoja akimsuka mwenzake. Nilichosema kilikuwa kweli, ila nilikisema kwa sauti ya mtu anayejua zaidi ya alichokiona.

Kufika Ijumaa maneno yalikuwa kwenye kundi la WhatsApp. Kwenye swala ya Maghrib niliona kwa macho yangu dada mmoja akihama safu ili asisimame karibu nao. Wiki ya pili mmoja wao alibeba sanduku lake akapanda basi kurudi kwao. Mitihani ilikuwa haijaanza.

Najua msomaji atasema: lakini tendo lenyewe ni haramu. Ndugu yangu, hukumu ya wanazuoni wetu juu ya tendo hilo inajulikana, na sikuja kuibadili. Ila hukumu ya ulimi nayo inajulikana, na hiyo ndiyo tuliyoivunja sote pale ghorofani. Surat Al-Hujurat aya ya 12 inatukataza dhana mbaya, inatukataza kupelelezana, inatukataza kusengenyana, na inamfananisha msengenyaji na mtu anayekula nyama ya ndugu yake aliyekufa. Maswahaba walipomuuliza Mtume (s.a.w.), itakuwaje kama ninayoyasema ni kweli? Akawafahamisha kwamba yakiwa kweli, hiyo ndiyo kusengenya. Yasipokuwa kweli, ni kuzua. Hadithi hii imo katika Sahih Muslim. Basi angalieni: mlango wa kutokea haupo. Wawe walivyo wasichana wale, mimi nina dhambi.

Mnakumbuka pia kisa cha mama yetu Aisha (r.a.). Alibaki nyuma ya msafara kwa kutafuta mkufu wake, Safwan akamkuta na kumleta. Watu wawili kuonekana pamoja, basi. Kwa hilo Madina ilichafuka karibu mwezi mzima. Mtume alimuuliza Zaynab bint Jahsh, mke mwenza wa Aisha, mtu ambaye angeweza kufaidika na neno baya. Zaynab akasema kwamba anayahifadhi masikio na macho yake, na kwamba hajui kwa Aisha ila kheri. Dada yake mwenyewe, Hamna, alikuwa ameshaingia katika uvumi. Nyumba moja, dada wawili: mmoja alizuia ulimi, mwingine aliuachia. Aya zilipoteremka ziliwauliza waumini kwa nini hawakudhaniana kheri. Na mwenye kumtuhumu mwanamke zinaa bila mashahidi wanne amewekewa viboko 80. Aya hiyo ni ya zinaa, lakini funzo lake linatosha kwa yeyote anayetaka kuchafua jina la mtu kwa alichokiona mlangoni.

Hapa Uganda jambo hili ni zito zaidi. Sheria ya mwaka 2023 imeweka kifungo cha maisha kwa tendo hilo, na kwa baadhi ya makosa yake adhabu ya kifo. Iliwalazimisha hata watu kuripotiana, mpaka Mahakama ya Katiba ilipoufuta wajibu huo mwezi wa Aprili 2024; sehemu kubwa ya sheria imebaki. Kwa hiyo neno la kuchekesha wakati wa chai linaweza kuishia kituo cha polisi. Katika tamthilia ile yumo Dana, mchezaji wa tenisi, ambaye mwanzoni anaficha mambo yake kwa hofu ya kupoteza kazi. Nilimwonea huruma mwigizaji wa Marekani, nikashindwa kumwonea huruma msichana anayechota maji bomba moja nami.

Nilikwenda kwa yule aliyebaki. Nilimkuta amekaa kitandani, daftari limefunguliwa. Nikamwambia, "Dada, nimekuja kukuomba msamaha."

Akanitazama. "Umekuja kuomba msamaha, au umekuja kuuliza?"

Nikasema, "Sijauliza wala sitauliza."

Akanyamaza, kisha akasema, "Mwenzangu amekosa mitihani. Hiyo utamrudishia vipi?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Nimempigia aliyeondoka mara kadhaa, hapokei. Ana haki.

Lililobaki mikononi mwangu ni dogo. Nimerudi kwa kila niliyemwambia habari ya ngazini, nikamwambia: nilisema nisiyoyajua, nimekosa. Wawili walinicheka. Nimewaomba viongozi wa kundi letu wafute maneno yale na wasiruhusu jina la mwanafunzi kujadiliwa tena. Nawaomba na nyinyi: mkisikia jina la mtu linatajwa hivyo, semeni alilolisema Zaynab, au tokeni chumbani. Mkiona safu ya swala ina pengo kwa sababu watu wanamkwepa mtu, lizibeni nyinyi, bega kwa bega. Na aliyeondoka akirudi muhula ujao, asikute mtu wa kumwuliza chochote ila kama amekula.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba anayemsitiri Muislamu, Allah atamsitiri duniani na Akhera. Kila mmoja wetu analo analoomba lisitiriwe. Mimi ninalo.

Ewe Allah, tusamehe tuliyoyasema na tuliyoyasikiliza. Mtengenezee dada yetu yaliyoharibika kwa ndimi zetu. Tusitiri, na utufanye wenye kusitiri. Amin.

Wabillahi tawfiq.