Je, Kugawa Sawasawa Ndiyo Haki?



Wale tuliovuka mpaka pale Busia na Malaba mwanzoni mwa 2008, tukakaa Mulanda huko Tororo kabla ya kuletwa Kiryandongo, tulijifunza upesi adabu ya foleni. Kila kichwa kipimo kimoja. Ukiongezewa kikombe kimoja majirani walinung'unika, na walikuwa na haki. Tangu hapo tumezoea kuona kwamba haki ni kupimiana sawa, hata ndani ya nyumba zetu.

Sasa tuseme mama ana watoto wanne. Mmoja, msichana wa miaka 16, ana ugonjwa wa sukari, ule wa kuchomwa insulini kila siku, na sasa ni mwaka wa sita. Anasoma Biblia bila shida. Muuguzi anasema apelekwe kupimwa macho. Mama anapiga hesabu ya nauli na kuona ni chakula cha wiki kadhaa. Je, awapunguzie watatu chakula kwa ajili ya jicho linaloona?

Ugonjwa huu ni mdanganyifu. Sukari ikikaa juu kwa miaka, huharibu mishipa midogo ya damu nyuma ya jicho, ikaanza kuvuja, na mtoto hasikii maumivu yoyote. Akianza kulalamika, mara nyingi mengi yameshaharibika. Ikiwahiwa, leza huweza kuzuia yasizidi.

Mtoto wa jicho ni jambo jingine. Sukari huingia kwenye lenzi, huvuta maji, na lenzi hufanya ukungu. Tumezoea kumwona kwa wazee, kumbe humpata hata kijana wa shule. Huyo hutolewa na lenzi nyingine ikawekwa. Tororo iko Hospitali ya Macho ya Benedictine, ila kutoka hapa si safari ya boda boda (ingawa boda boda zenyewe zilizaliwa huko mpakani, enzi za baiskeli).

Mimi nasema mama aende. Katika Matendo 4 kanisa la kwanza liligawa kwa kutazama mahitaji ya mtu, halikuhesabu vichwa.

Lakini tusiliseme kirahisi. Mdogo wa miaka mitatu akikosa uji anaumia leo hii, na mama akikataa kumnyang'anya simlaumu. Hapo mzigo unatoka nyumbani na kuja kwetu. Wajane wa Matendo 6 waliposahauliwa katika mgao wa kila siku, mitume hawakuwaambia wavumilie. Waliagiza wachaguliwe watu saba wa kusimamia kazi hiyo. Sisi tuna wazee, akina mama wa maombi, vijana wa kwaya, na nauli ya watu wawili inatushinda?

Kuna neno moja linaloumiza kuliko njaa, nalo ni kumwambia mtoto, "Wewe unatumaliza." Akilisikia mara mbili tatu ataanza kuruka sindano ili dawa isiishe, na akiulizwa kuhusu macho atasema yako sawa. Kwa hiyo mzazi, usimwulize mbele ya wenzake. Mkiwa wawili tu, jioni, mwulize kama bado anasoma ubao akiwa ameketi nyuma.