Yaliyo Chini ya Kifuniko

Katika maji ya Mwanza, Sengerema na Ukerewe wavuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza, mwezi usipokuwapo. Huwasha taa juu ya maji, na dagaa huikusanyikia nuru hata wakazungukwa na wavu. Kwa miaka mingi taa hiyo ilikuwa karabai. Karabai ikiharibika, mwenyewe aliuona ubovu wake: mafuta yavuja, kioo kimepasuka, pampu haisukumi. Katika miaka iliyofuata 2010 wavuvi wengi wa ziwa hili waliziacha karabai, wakashika taa za umeme zenye betri. Taa hizo zafaa sana, maana hazili mafuta wala hazitoi moshi. Lakini zimekuja na jambo geni: ubovu wake hauonekani kwa macho. Umefichwa chini ya kifuniko, naye anayekifungua ni fundi.

Basi swali letu ni hili: fundi akitia betri kuukuu ndani ya taa ya mtu, asiseme neno, na taa ikawaka, je, amemkosea?

Kwanza tuijue kazi yenyewe. Taa nyingi zina betri ndogo za lithiamu, unene wake milimita 18 na urefu milimita 65. Betri za namna hiyo zimo pia katika kompyuta za zamani. Fundi mwenye akili huzitoa humo, huzipima moja moja, huunga zilizo nzima, na taa iliyokufa hufufuka. Hiyo si hila, bali ni busara. Kilichotupwa kimepata kazi, na mtu mwenye fedha haba amepata nuru. Lakini betri iliyochakaa haitunzi umeme kama mpya. Tena madukani huuzwa betri mpya zenye maandishi ya uwongo: zimeandikwa miliampea-saa 9,900, hali hata zilizo bora kabisa za ukubwa huo hazifiki nusu yake. Kwa nje zafanana, na katika saa ya kwanza zote zang'aa. Tofauti hujulikana saa nane za usiku, mbali na nchi kavu, taa inapofifia na dagaa kutawanyika, na mwenye mtumbwi amekwisha kununua mafuta ya mashine na chakula cha watu wake.

Labda fundi atajibu, “Sikusema uwongo. Hakuniuliza, nami sikumwambia. Sokoni kila mtu na afumbue macho.” Jibu hili ni la kale. Cicero, Mrumi, katika kitabu alichokiandika mwaka 44 kabla ya Kristo, alieleza habari ya mfanya biashara aliyeleta nafaka Rhodes wakati wa njaa, akijua kwamba merikebu nyingine zenye nafaka zi njiani. Je, imempasa kuwaambia wanunuzi, au anyamaze auze kwa bei kubwa? Wenye hekima wawili walishindana juu ya neno hilo: mmoja alisema kunyamaza si kuficha, wa pili alisema imempasa kunena. Cicero alimwunga mkono huyu wa pili.

Nasi twaweza kuongeza jambo. Katika soko la Mwaloni, Kirumba, mnunuzi wa dagaa hutia mkono katika gunia, hunusa, hutazama kama mna mchanga. Kwake neno “fumbua macho” lina maana. Lakini mwenye taa afumbue macho gani? Amemwendea fundi kwa sababu yeye mwenyewe hawezi kuona. Fundi ndiye macho yake, naye anamlipa kwa ajili hiyo. Aliyekodiwa kuwa macho ya mwenzake hawezi kumwambia, “Mbona hukutazama?”

Lakini liko neno zito zaidi. Fundi aweza kusema, “Nikinena kweli, atakwenda meza ya pili kwa yule anyamazaye, na watoto wangu watalala njaa.” Tusimdharau, hasara hiyo ni ya kweli. Lakini na tuangalie ni nani anayeibeba akinyamaza. Mvuvi ndiye aibebaye, wala hakuulizwa. Labda angalikubali kwa furaha betri kuukuu kwa bei ndogo, akapanga safari fupi. Alichonyang'anywa si fedha tu, ni hiari yake. Tena watu wasipoweza kumtambua fundi mwaminifu, huwalipa wote kama wadanganyifu, na mwisho huona heri kutupa taa kuliko kuitengeneza. Hivyo kunyamaza huiua kazi ya fundi yenyewe.

Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya mwaka 2003 yakataza kumpotosha mnunuzi, lakini sheria haiwezi kukaa penye kila meza. Yafaa fundi aseme kabla ya kazi kama betri ni mpya au kuukuu, ataje bei ya kila moja, akifungue kifuniko mbele ya mwenyewe, na kumwonyesha kilichotolewa. Nasi tupelekao vitu tuna wajibu wetu: tusidai kipya kwa bei ya kikuukuu, maana afanyaye hivyo amfundisha fundi kunyamaza. Tuulize waziwazi, na fundi atujibuye kweli tumrudie, hata bei yake ikizidi kidogo.