ROHO YA MWENZIO HAIKODISHWI

Bismillahi Rahmani Rahim.

Ndugu zetu Waislamu wa Pwani,

Katika darasa letu hapa Gitothua, mtaa wa Ruiru, tulizungumza jambo ambalo twaona yapasa tuwaandikie.

Mwezi wa Mei 2024 Mkenya mmoja, Cheruiyot Kirui, mfanyakazi wa benki, alifariki karibu na kilele cha mlima Everest. Alikusudia kufika huko, mita 8,849 juu ya bahari, bila ya kuvuta oksijeni ya chupa. Na hewa ya mahali hapo ni kama thuluthi tu ya nguvu ya hii tuivutayo sisi. Alifuatana na kiongozi wake, Nawang Sherpa wa Nepal. Naye pia hakurejea.

Sisi hatumhukumu marehemu. Kupanda mlima si haramu, wala ushujaa si aibu. Lakini twauliza: mtu akiitia roho yake hatarini, ana haki gani juu ya roho ya mwenziwe anayemfuata kwa ujira?

Watasema wengine: "Alikubali mwenyewe, tena alilipwa." Jawabu hili halitoshi. Mwenye watoto wa kulisha hukubali mengi. Ujira hununua kazi, haununui roho. Mwenyezi Mungu, katika Sura ya Baqara, ametukataza kujitupa maangamizoni kwa mikono yetu. Ikiwa hatuna ruhusa juu ya roho zetu, tutaipata wapi juu ya za wenzetu?

Wala mtu asisingizie tawakali. Mtume (s.a.w.) aliagiza ngamia afungwe kwanza, ndipo Mungu ategemewe. Nahodha mwema hatweki tanga katika kusi kali kwa kuwa yeye haogopi. Huwatazama mabaharia wake.

Jamaa wa Kirui waliamua mwili wake uachwe mlimani, wasije wengine wakahatarisha maisha kwa kuushusha. Msiba haukuwasahaulisha roho za watu. Hilo ni funzo kubwa.

Basi, ewe mwenye jengo umpandishaye kibarua ghorofani juu ya jukwaa bovu. Ewe mwenye chombo. Ewe dereva uliyejaza abiria: Everest yako ni hiyo. Kesho mbele ya Mola hutaulizwa ulilipa shilingi ngapi tu. Utaulizwa: amana ya roho ile uliilindaje?

Wabillahi tawfiq.