Mgeni Akinyamazishwa, Nani Ameibiwa?

Katika Magomeni ya Kilosa (wala si ile ya Dar es Salaam, ijulikanayo zaidi) si rahisi mtu amwambie jirani yake, "Wewe ni mgeni hapa," asijibiwe mara moja, "Na wewe je?" Asili ya nchi hii ni ya Wasagara na Wakaguru, na upande wa Mikumi ni ya Wavidunda. Lakini reli ya kati ilipopita, na mashamba ya mkonge yalipofunguliwa Kimamba na kwingineko, mahali hapa palijaa watu wa makabila mengi. Mkonge wa Tanganyika ulikatwa hata na watu waliotoka Msumbiji na Ruanda-Urundi. Mikono yao ilihitajiwa, nao wakaitwa manamba, kwa ile namba waliyopewa. Wajukuu wao ni majirani zetu leo.

Twaanza na Kilosa kwa kuwa swali tunalotaka kulitazama juma hili huonekana kuwa la mbali, nalo si la mbali. Wahadhiri wa vyuo vikuu, ambao kazi yao ni kufundisha, wana haki gani kujiingiza, kwa njia ya vyama vyao, katika mambo ya uhamiaji?

Mwezi Machi 2025 chama cha maprofesa wa Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1915, kiliishitaki serikali ya nchi yake katika mahakama ya Boston. Sababu ni kwamba wanafunzi na walimu wa kigeni, waliokuwa nchini humo kwa kibali halali, walikuwa wakikamatwa na viza zao kufutwa kwa ajili ya maneno waliyosema au kuandika juu ya Wapalestina. Tarehe 30 Septemba mwaka huo huo jaji William Young aliamua kwamba mgeni aliye nchini kihalali ana uhuru wa kusema sawa na raia, na kwamba serikali ilikuwa imeuvunja uhuru huo. Lililotuvuta sisi ni hoja ya walalamikaji kuliko ushindi wao. Hawakusema tu kwamba wageni wameonewa. Walisema: sisi raia pia tumeonewa, maana wenzetu wameingiwa na hofu na kunyamaza, nasi tumenyimwa kuwasikia.

Hoja hiyo ina uzito. Baraza la kijiji ambamo nusu ya wazee wamekaa wakiutazama mlango haliwezi kuitwa baraza. Wale wa nusu ya pili, ambao hakuna anayewatisha, wataondoka wakidhani wamekubaliana, kumbe wamesikilizana wenyewe kwa wenyewe. Na kwa kuwa wananchi huchagua viongozi na sheria kwa yale wanayoyasikia, anayemziba mgeni kinywa amelifunga na sikio la mwananchi.

Wapo watakaosema: mwalimu na afundishe, mipaka aiachie serikali. Hatuwapuuzi. Serikali ina haki, tena ina wajibu, kujua nani ameingia nchini na kwa kazi gani. Watu wa Kagera waliovamiwa na majambazi barabarani miaka ile kabla ya 2013 wanajua kwa nini. Hatumtetei mgeni mhalifu. Lakini kuna tofauti kati ya kuulinda mlango wa nyumba na kuugeuza mlango kuwa fimbo ya kumchapia yule aliye ndani asemaye asilolipenda mwenye nyumba.

Nchi yetu imezijua hali zote mbili. Mwezi Oktoba 1968 serikali ya Jamaica ilimzuia Walter Rodney, mhadhiri aliyezaliwa Guyana, asirudi chuoni kwake, kwa sababu ya mafundisho yake. Wanafunzi waliandamana, na mjini Kingston ghasia zikazuka. Mwaka 1969 Rodney alikuwa amerudi Dar es Salaam, alikopata kufundisha hapo kwanza, na mwaka 1972 kilitoka kile kitabu chake mashuhuri juu ya Ulaya na umaskini wa Afrika. Twajivunia jambo hilo, na ni haki yetu. Walakini katikati ya miaka hiyo hiyo, mwezi Julai 1971, rais wa wanafunzi wa chuo hicho hicho, Akivaga, aliyekuwa Mkenya, alifukuzwa na kurudishwa kwao kwa nguvu baada ya wanafunzi kuulaumu uongozi wa chuo. Mlango uliofunguliwa kwa mgeni mmoja mwenye ulimi mkali ulifungwa nyuma ya mwingine.

Baadaye ikaonekana kwamba fimbo hiyo yaweza kumpiga hata mwenyeji. Mwaka 1984 Mahmood Mamdani, mhadhiri wa Makerere, alikwenda mkutanoni Dakar akiwa raia wa Uganda, na akiwa huko akavuliwa uraia kwa kuilaumu serikali ya Obote. Huku kwetu, mwaka 2001, Jenerali Ulimwengu, mwandishi wa magazeti aliyepata kuwa mkuu wa wilaya na mbunge, aliambiwa kwamba si raia. Mwaka 2017 Mhashamu Severine Niwemugizi, Askofu wa Rulenge-Ngara, aliitwa na Uhamiaji kuhojiwa juu ya uraia wake, miezi michache tu baada ya kusema hadharani kwamba taifa lahitaji Katiba mpya. Mwaka 2018 Aidan Eyakuze, kiongozi wa shirika la Twaweza, alinyang'anywa hati ya kusafiria baada ya shirika lake kutangaza maoni ya wananchi yaliyoonyesha kwamba sifa ya Rais imepungua. Hatudai kuijua mioyo ya maofisa. Twasema tu kwamba mtu aliyewahi kuaminiwa wilaya nzima, au jimbo zima, hugeuka ghafla kuwa mtu asiyejulikana babu yake alizaliwa wapi, na kwamba ghafla hiyo hufika baada ya yeye kusema.

Kwa hiyo hatushangai kwamba vyama vya wahadhiri ndivyo vilivyoliona jambo hili mapema. Mwezi Aprili 1990 wajumbe wa vyama vya wahadhiri wa vyuo vya juu vya Tanzania walikutana Dar es Salaam na kutoa Azimio juu ya uhuru wa taaluma na wajibu wa wanataaluma kwa jamii. Na mwezi Novemba mwaka huo wasomi wa Afrika wakatoa la kwao huko Kampala, wakitaka msomi asisumbuliwe kwa ajili ya maoni au taifa lake, wala asizuiwe kutoka na kurudi nchini mwake. Yalikuwa maneno ya ujasiri, katika miaka ambayo nchi nyingi za Afrika zilikuwa bado na chama kimoja.

Basi, je, hoja ile ya Boston yatosha? Sisi twaona haitoshi. Yamtetea mgeni kwa sababu ana neno ambalo twataka kulisikia. Na yule asiye na neno? Mwaka 2013, katika Operesheni Kimbunga, maelfu kwa maelfu walitoka Kagera, Kigoma na Geita kwenda Rwanda, Burundi na Uganda, na miongoni mwao walikuwamo waliokaa nchini miaka mingi, wengine wakiwa na wake na watoto Watanzania. Hao hawakuandika makala. Walilima migomba na kuchunga ng'ombe. Papa Yohane XXIII, katika barua yake ya mwaka 1963 juu ya amani, alifundisha kwamba mtu kuwa raia wa dola fulani hakumwondoi katika jamaa moja ya wanadamu. Wala hakuweka sharti kwamba awe msomi. Serikali yetu yenyewe ilionyesha kuwa njia nyingine ipo, ilipowapa uraia Warundi wapatao 162,000 wa wakimbizi wa mwaka 1972. Vyeti vyao vilianza kutolewa mwaka 2014.

Na hapa Kilosa hata Mtanzania amepata kuwa mgeni. Tarehe 8 Desemba 2000, huko Rudewa Mbuyuni, watu 38 waliuawa katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Uchungu huo haujaisha, na anayeupuuza hajui anachokisema. Lakini mwanzoni mwa mwaka 2009 ilipokuja operesheni ya kuondoa mifugo wilayani, jamaa za wafugaji zilihamishwa pamoja na ng'ombe wao, na mashirika yao yakalalamikia faini kubwa na mifugo iliyokamatwa. Mmang'ati aliyeambiwa "rudi kwenu" alikuwa na kwao kupi, ikiwa watoto wake wamezaliwa papa hapa?

Chuo Kikuu cha Sokoine kiko Morogoro, mkoa wetu huu huu, na wamo humo wajuao ardhi, malisho na maji kuliko mkuu yeyote wa operesheni. Wahadhiri wakikutana tena kuutetea uhuru wao, kama wanavyostahili, twawaomba wauandike katika ajenda ile ile, ukurasa ule ule, mpaka wa malisho wa Rudewa.