Padri Jack Si Kichekesho

Mjukuu wangu,

Nimefurahi kusikia kikundi chenu cha ridhaa huko Ireland kinaandaa tamthilia ya Brian Friel, Dancing at Lughnasa, na kwamba Padri Jack umepewa wewe. Lakini uliposema wenzako wanavunjika mbavu kila ukianza kutafuta maneno, nilikosa usingizi.

Huyu mtu amekaa Uganda miaka 25 kati ya wakoma, Kiswahili kikawa lugha yake ya kila siku. Mwaka 1936 yuko Donegal kwa dada zake watano, na Kiingereza kimemtoroka. Akili anayo, maneno ndiyo hayaji. Wewe unalijua hilo kuliko mwigizaji yeyote wa hapo. Likizo ile ulipokuja, si ulisahau kata inaitwaje, ukabaki mbele ya mtungi mkono hewani? Simama vile vile. Usikune kichwa, usitoe macho. Litafute neno kweli, na ukilipata tuone umetua mzigo. Wakicheka, na wacheke, ila wewe usiwaombe.

Nami ujanani niliwahi kuigiza mzee aliyepooza. Nikauvuta mdomo upande, ukumbi mzima ukacheka. Mama yangu hakucheka. Baba yake alikufa na mdomo ule. Hakunisema hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Na wale mabinti watano, wafikishie salamu za mzee kama hawatachukia. Dansi yao ya jikoni wasiifanye ngoma ya harusi. Maggie anaanza akiwa na unga mikononi. Rose anarukaruka na gambuti zake. Kate, mwalimu mwenye kushika adabu ya nyumba, anaingia wa mwisho na kucheza peke yake. Basi mazoezini wafanye kwanza kazi: wapige pasi, wakande, wafume. Agnes hasa ajue kufuma. Yeye na Rose wanaishi kwa glavu za sufu, na kiwanda cha kufuma kikifunguliwa riziki hiyo inakatika, wanatorokea London. Mikono isiyojua sindano haitamwonyesha mtazamaji kilichopotea.

Halafu kuna ile redio, inayokata muziki katikati ya dansi na kuwaacha dada wakioneana haya. Ikichelewa kuzimika kidogo tu, haya ile haipo. Anayeizima awe mtu mmoja, tangu mazoezi hadi usiku wa mwisho. Mmeshampata?